Laptop ya Mwaka wa Kwanza: Hesabu za Mzazi wa Chamwino

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka mwezi Julai, nyumba nyingi za Chamwino huanza hesabu upya. Alizeti imeshavunwa na pengine imeshauzwa, zabibu za Chinangali zinangoja mavuno ya Agosti na Septemba, na kijana ama yuko JKT ama ndiyo kwanza anarudi. Hapo ndipo linapoletwa ombi: "Mama, chuoni lazima niwe na laptop." Ni ombi la laki kadhaa, karibu bei ya fahali mnadani, na mara nyingi hutimizwa haraka haraka mbele ya muuzaji anayezijua mashine zote, huku mwenye fedha akiwa hajui hata moja.

Nautanguliza msimamo wangu. Familia zetu hupoteza fedha kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua laptop mpya ya bei ya chini kabisa kwa sababu tu imetoka kwenye boksi. Ya pili ni kununua mapema, kabla kijana hajajua kwa hakika atasoma nini.

Nianze na hilo la pili. Kutoka Chamwino Ikulu hadi Dodoma mjini ni mwendo wa daladala tu. Kijana aliyechaguliwa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), St John's, Chuo cha Mipango au CBE haendi ughaibuni, na wiki mbili za mwanzo hazina kazi ya kompyuta inayoshindikana kwa simu: ni usajili, foleni, kupewa chumba, kujua madarasa yaliko. Wapo wanaobadilisha programu katika kipindi hicho hicho. Aliyenunuliwa mashine ya kuandikia insha akahamia kwenye kozi ya kutengeneza programu atakuwa na kifaa kisichomfaa kabla hata hajafanya jaribio la kwanza. Fedha ibaki benki au kwenye simu ya mzazi hadi usajili ukamilike.

Kozi ndiyo inayochagua kompyuta. Anayesoma ualimu, historia, Kiswahili, sheria au uongozi anahitaji kuandika, kusoma PDF, kutengeneza slaidi na kuingia mtandaoni. RAM ya GB 8 inamtosha kwa miaka yote ya masomo. Anayesoma takwimu, uchumi au mipango ataongeza SPSS, STATA au programu ya ramani kama QGIS, na hapo pia GB 8 zinakwenda, ila 16 zina raha yake. Wa ndaki ya kompyuta pale UDOM, CIVE, huyo ni habari nyingine: Android Studio peke yake inataka GB 8 kama kiwango cha chini, na kwa mashine ya namna hiyo mwanafunzi atabonyeza kitufe cha kujaribisha kazi yake kisha akae akingoja. Anunuliwe ya GB 16, au yenye nafasi ya kuongezewa. Wa uhandisi na jiolojia aulize kwanza idara yake inatumia programu gani. ArcGIS Pro, kwa mfano, inafanya kazi kwenye Windows tu, hivyo MacBook nzuri ya mjomba aliyeko Dar haitamsaidia siku ya somo la ramani.

Sasa tuingie dukani. Bei ninazozitaja ni za kukadiria, kwa sababu hupanda na kushuka na dola, na tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda duniani kote kwa sababu kampuni zinazojenga mitambo ya akili mnemba zinainunua kwa wingi. Lakini uwiano kati ya bidhaa na bidhaa unabaki karibu ule ule, nao ndio wa kuangalia.

Kwenye kabati la kioo utaiona kwanza laptop mpya ya shilingi 550,000 hadi 700,000. Inang'aa, nyepesi, ina stika ya rangi. "Mama, hii haijaguswa, ya kwenye boksi," ataambiwa mzazi, na ni kweli. Ndani yake, mara nyingi, mna prosesa ya Celeron, RAM ya GB 4 iliyochomelewa kwenye ubao kiasi kwamba haiongezeki, na hifadhi ya eMMC ya GB 64. Windows 11 peke yake inataka GB 64 kama kiwango cha chini cha hifadhi. Maana yake mashine iko kwenye kiwango cha chini kabisa tangu siku ya kwanza, na nafasi itajaa mapema. Ikijaa, masasisho ya Windows yakija hayana pa kukaa. Kufikia mwaka wa pili itakuwa inafungua Word kwa muda wa kuchemsha chai, na hakuna fundi wa kuitengeneza, kwa sababu haijaharibika, ndivyo ilivyoundwa. Hii naikataa moja kwa moja. Mzazi anayeinunua anajitahidi kumpa mwanawe kitu kipya, na inaniuma kuona juhudi hiyo inavyolipwa.

Pembeni yake kuna rafu ya zile zilizotumika, zinazotoka Ulaya, Marekani na Dubai. Nyingi zilikuwa za ofisi: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Kampuni kubwa hubadilisha kompyuta zake kila baada ya miaka michache, na zile za zamani huuzwa kwa jumla na kuletwa kwetu. Hizi ziliundwa zibebwe kila siku. Bawaba zake ni ngumu, kibodi ni imara, nyingi hufunguka kwa skurubu za kawaida, na vipuri vyake mafundi wa mjini wanavyo. Kwa bei ya Celeron mpya unapata mashine ambayo siku ilipotoka kiwandani iliuzwa kwa mara nne au tano ya fedha hiyo.

Ila humu ndani pia mna mtego, nao ni kizazi cha prosesa. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa prosesa za Intel, inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. EliteBook 840 G3 ina kizazi cha 6, G4 ina cha 7, na G5 kwa kawaida ina cha 8. Kwa ThinkPad, T470 iko chini ya mstari na T480 kwa kawaida iko juu yake. Kwa Dell, Latitude 7490 mara nyingi ni kizazi cha 8 na 7480 iko chini. Nasema "kwa kawaida" kwa sababu baadhi ya G5, T480 na 7490 zilitoka na prosesa ya kizazi cha 7. Kwa hiyo usisome jina la mashine peke yake. Fungua sehemu ya mfumo kwenye mipangilio, usome namba ya prosesa. Ukiona i5-6300U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni 6, ndicho kizazi chake. i5-8350U ni cha 8. Zenye namba kama i5-1135G7 ni za kizazi cha 11, hapo unasoma tarakimu mbili.

Tofauti ya bei kati ya G3 na G5 ni kama laki mbili: ya kwanza utaipata kwa 450,000 hadi 600,000, ya pili kwa 650,000 hadi 850,000, zote zikiwa na RAM ya GB 8 na SSD ya GB 256. Muuzaji anaweza kukuwekea Windows 11 kwenye G3 kwa njia ya kuzunguka, na itawaka, lakini Microsoft haikuahidi kuendelea kuihudumia mashine hiyo. Kwa kozi ya miaka mitatu naona laki mbili hizo zina thamani. Kijana wa CIVE anayependa kujifunza Linux ndiye pekee ningemruhusu achukue G3 kwa moyo mweupe: aweke Ubuntu au Mint, bure kabisa, na fedha iliyobaki anunue RAM.

Juu zaidi kuna laptop mpya za Core i3 au i5 zenye GB 8, kuanzia milioni 1.1 hadi 1.5. Ni mashine nzuri, zina waranti ya mwaka mzima na betri ambayo haijachoka. Mwenye uwezo huo anunue bila wasiwasi. Asiye nao asikope.

Nashauri kuikagua mashine iliyotumika papo hapo, mbele ya kaunta, hata kama wateja wengine wanasubiri. Iombe iwashwe bila chaja. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Humo kuna namba mbili: uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikiwa ya kwanza ni 50,000 na ya pili ni 30,000, betri imebaki na asilimia 60. Hiyo si sababu ya kuiacha mashine, ni sababu ya kupunguziwa bei, maana betri nyingine itakugharimu kama 60,000 hadi 120,000. Fungua Notepad ubonyeze kila herufi, hata zile usizozitumia. Washa kamera. Chomeka flashi kwenye kila tundu. Fungua na kufunga kioo taratibu ukisikiliza bawaba. Weka picha nyeupe kioo kizima uangalie madoa.

Kisha kagua kufuli. Zima, washa tena huku ukibonyeza F10 kwa HP, F2 kwa Dell au F1 kwa Lenovo. Ikikuomba nywila ambayo muuzaji haijui, irudishe kwenye rafu. Mashine za ofisi wakati mwingine hubaki zimefungwa na kampuni ya kwanza, na siku Windows itakapowekwa upya ikiwa kwenye intaneti, itadai barua pepe ya kampuni iliyoko nchi nyingine. Dawa ni kumwomba muuzaji aweke Windows upya mbele yako, mashine ikiwa imeunganishwa na mtandao. Muuzaji mwaminifu hatakataa, atakuambia urudi baada ya saa moja. Ukirudi, dai risiti ya EFD iliyoandikwa namba ya mashine, na kipindi cha waranti kiandikwe, kisibaki cha mdomo.

Wengi huniuliza kuhusu Kariakoo. Kweli bei ya kule inaweza kuwa chini kwa 50,000 hadi 80,000. Lakini treni ya SGR daraja la kawaida kutoka Dodoma hadi Dar es Salaam ilianza kwa nauli ya 31,000, kwenda na kurudi 62,000, bado hujala wala hujapanda daladala ya kwenda sokoni. Faida imekwisha njiani. Na chaja ikifa wiki ya tatu, duka la Dodoma mjini unalifikia Jumamosi kutoka Chamwino ukarudi nyumbani mapema. La Kariakoo utalipigia simu. Mwenye ndugu mwaminifu kule anayejua kukagua, amtume. Wengine wabaki Dodoma. Kuhusu zile zinazotangazwa na wanafunzi wanaomaliza chuo, bei yake ni nzuri lakini usitoe fedha bila risiti ya awali na nakala ya kitambulisho cha anayekuuzia, kwa sababu laptop huibwa hostelini, na ukikutwa na ya wizi utaipoteza pamoja na fedha.

Je, inawezekana kusoma mwaka wa kwanza bila laptop? Tufanye hesabu. Tuseme mwanafunzi ana masomo sita kwa muhula, na kila somo linamdai kurasa kumi za kazi ya kuchapwa. Ni kurasa 60 kwa muhula, 120 kwa mwaka. Steshenari ikimchapia kwa 700 kwa ukurasa na kumprintia kwa 150, atatumia 102,000. Mwenye laptop atalipa printi tu, 18,000. Tofauti ni 84,000 kwa mwaka. Kwa hiyo anayekuambia laptop itajilipa kwa kuokoa fedha za steshenari anakosea hesabu. Faida yake iko kwingine: kusoma usiku, kurekebisha kazi mara tano kabla ya kuikabidhi, kujifunza jedwali na takwimu kwa mikono yako mwenyewe. Ni faida kubwa, lakini haimhitaji mzazi wa mwanafunzi wa ualimu auze ng'ombe kwa hasara mwezi wa tisa. Muhula wa kwanza anaweza kuumaliza na simu nzuri, kibodi ya bluetooth ya 30,000 na maabara ya kompyuta ya chuo, kisha akanunuliwa mashine zabibu au alizeti zikipata bei. Kwa wa CIVE sishauri hivyo. Huyo bila mashine yake atabaki nyuma ndani ya wiki chache.

Kompyuta ya mezani nayo ina nafasi yake. OptiPlex iliyotumika pamoja na kioo chake hupatikana kwa 300,000 hadi 400,000, na kwa nguvu inaizidi laptop ya bei hiyo. Kwa anayepanga geto inafikirika. Ila umeme ukikatika kazi ambayo hukuihifadhi imepotea, hubebi kwenda kwenye kazi ya kikundi, na inakula LUKU zaidi: kwa uniti ya karibu 356, laptop ya wati 45 ikitumika saa sita inakula chini ya shilingi 100 kwa siku, na ya mezani pamoja na kioo chake itakula kama 250.

Sehemu inayonitia wasiwasi zaidi ni chanzo cha fedha. Mwanafunzi mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo anaweza kupata hadi shilingi 10,000 kwa siku za chakula na malazi, na 200,000 kwa mwaka za vitabu na viandikwa. Bumu la kwanza, yaani awamu ya kwanza ya mkopo, likiingia kwa mkupuo, laki kadhaa kwenye akaunti ya kijana ambaye hajawahi kushika hata laki moja, laptop ndiyo kitu cha kwanza kinachomjia akilini. Anainunua yote mara moja. Baada ya hapo ni kupiga pasi ndefu hadi bumu la pili, na bumu la pili huchelewa. Mwenye njaa hasomi, awe na Core i7 au asiwe nayo. Mzazi na mtoto wakubaliane kabla: ile 200,000 ya viandikwa inaweza kuingia kwenye kompyuta, nyumbani wakaongeza nyingine, lakini ya chakula isiguswe. Na ikumbukwe kuwa Bodi itarudishiwa, asilimia 15 ya mshahara kila mwezi siku kijana atakapoajiriwa. Mikopo ya simu inayodai riba ndani ya siku 14 au 30 isiguswe kabisa kwa jambo hili.

Tena kompyuta haiji peke yake. Mfuko mgumu wa kuibebea, flashi, kinga ya umeme ya kuchomekea na bando la mwezi wa kwanza vinaweza kufika 80,000. Chuo nacho kina yake: ada ya udhibiti ubora ya TCU 20,000, bima ya NHIF ambayo kwa wanafunzi imekuwa 50,400 kwa mwaka, picha, nakala za vyeti, ndoo na dumu, kwa sababu maji ya Dodoma hayaaminiki kila siku. Soma maelekezo ya kujiunga mstari kwa mstari kabla ya kugawa fedha.

Bando nalo lisimamiwe. GB moja huangukia kwenye shilingi 2,000 na kitu, na sasisho moja kubwa la Windows linaweza kumeza GB tatu au nne kimya kimya usiku. Kwenye mipangilio ya Wi-Fi weka mtandao wa simu yako uhesabike kama wa kulipia, Windows itaacha kujipakulia. Masasisho yafanywe kwa Wi-Fi ya chuo. Programu za ofisi usizinunue: LibreOffice ni ya bure, na barua pepe ya chuo mara nyingi humpa mwanafunzi Word na Excel za mtandaoni bila malipo. Usikubali Office iliyovunjwa kufuli inayowekwa dukani kama zawadi, nyingi huja na virusi. Flashi ukiipeleka steshenari hurudi na mafaili yaliyogeuka njia za mkato. Tuma kazi kwa barua pepe ikiwa PDF, na nakala ya kila kitu iwe Google Drive, ambako unapewa GB 15 bure.

Halafu kuna vumbi letu. Kuanzia Mei hadi Novemba, kabla mvua hazijaanza, upepo wa Dodoma huingiza vumbi kila mahali, na feni ya laptop inalivuta mchana kutwa. Baada ya miezi sita fungua kifuniko cha chini na utaona utando wa kijivu umeziba matundu ya kutolea joto. Mashine inachemka, inapunguza kasi, mwenyewe anadhani imezeeka. Fundi ataisafisha kwa gharama ndogo, na ifanyike walau mara moja kwa mwaka. Usiitumie juu ya godoro.

Jambo moja la bure: miezi kati ya matokeo na kufungua chuo itumike kujifunza kuchapa kwa vidole vyote, kupanga ukurasa katika Word na kujumlisha kwenye jedwali, hata kwa kompyuta ya kuazima ya mwalimu au ya ofisi ya kata. Hilo litamsaidia kijana kuliko tofauti ya G5 na G6.

Mwenye 900,000 mkononi, uamuzi wangu ni huu: EliteBook 840 G5, ThinkPad T480 au Latitude 7490 ya kizazi cha 8, RAM GB 8, SSD GB 256, kwa bei isiyozidi 750,000, inunuliwe Dodoma mjini baada ya usajili. Inayobaki 150,000 iwekwe kando kwa mfuko, flashi, bando na betri ya mwaka wa pili. Mwenye 500,000 na mtoto wa kozi ya kuandika asubiri muhula wa pili aongeze. Mwenye 500,000 na mtoto wa CIVE achukue G3, aweke Linux, aongeze RAM bumu la viandikwa likiingia.